Macho Niliyoyafumba

Teshie, Jumanne

Dada yangu mpendwa Akwele,

Pokea salamu zangu nyingi kabla ya yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hamburg, na kwamba baridi ya mwaka huu imekuwa na huruma. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Ninalokuandikia si la magoti.

Ulipoondoka bado nilikuwa naandika majina kwenye malori. Sasa nachora mabango ya sinema za kutisha, na nisifiche, ndiyo kazi ninayoiweza kuliko wote mtaani. Tunafumua magunia ya unga, tunashona mawili pamoja, tunapaka. Wenzangu wanaamini damu. Wanamwaga damu gunia zima, mtu akipita anakumbuka bucha na kucheka. Mimi nasema ukitaka kumtisha mtu, mnyime kitu. Paka weusi sehemu kubwa ya gunia, umwache atafute mwenyewe kilichomo. Uso uangazie kutoka chini, kwa sababu tangu tuzaliwe jua linatupiga kutoka juu, na uso uliogeuziwa mwanga, hata uwe wa mchungaji, unakuwa wa mtu usiyemjua. Kisha mboni ziweke katikati kabisa, uache weupe kidogo chini yake. Hapo mtu apite kulia au kushoto, anaangaliwa.

Basi akaja Bwana Ofori, yule mwenye klabu ya video anayezunguka vijijini na televisheni na jenereta. Alikuwa na kanda ya mtu aliyefia jangwani, akarudi kusimama mlangoni kwao bila kujua kwamba amekufa. Sikuiangalia. Ofori alinisimulia tu huku akimaliza donge langu la kenkey ya unga wa mahindi, akaniambia, "Fundi, nataka waingie wanatetemeka. Wakija macho makavu tu, hilo gunia lako nitalifanya shuka."

Nilichora mlango, giza, na uso nusu ukichungulia. Nilipolitundika likauke, watoto waliacha kupita mbele ya banda langu. Naa Dedei, muuza kenkey, alikuja amefura, akasema niondoe jini langu, kwa maana wateja wake sasa wanazungukia njia ya chooni na wakifika kwake wamepoteza hamu ya kula. Nilicheka sana siku ile. Nilijiona fundi kwelikweli.

Ndipo mama akapita na beseni lake la samaki wa moshi. Akasimama. Akalitua beseni chini, akaliambia gunia kwa sauti yake ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliyetoka safari, "Akuete, mbona umekonda hivi?"

Dada, unajua jinsi tulivyoishi na jina hilo. Tangu pacha wako apande lori la kwenda Libya na asisikike tena, hakuna aliyethubutu kusema amekufa, na wewe ndiye uliyekataza. Ulituambia kwenye simu kwamba pacha hujua, kwamba angekufa ungesikia mwilini mwako, na yeyote atakayeanza matanga asikuhesabu kuwa ndugu yake. Tukanyamaza. Nyumba nzima ikawa kama imezuia pumzi.

Kuanzia siku ile mama alikuja bandani kila alasiri na kigoda chake na bakuli lililofunikwa. Alikaa mbele ya gunia akimsimulia Akuete habari za mtaa, nani kaolewa, nani kahama. Watu wakaanza kuniangalia kwa huruma. Ofori alipokuja kuchukua bango lake, alimkuta mama ameliegemea, akajaribu kumtania, "Mama, huyu wa sinema, ana safari ya Kumasi." Mama akamjibu kwamba huyu ameshasafiri vya kutosha. Ofori akaniambia kwa sauti ya chini nimchoree jingine, akaondoka, na sijawahi kumwona Ofori akiondoka bila kubishana.

Niliogopa mama anapotea akili. Nikamshika mkono, nikamtembeza kulia na kushoto mbele ya gunia, nikamweleza kila kitu: mwanga wa chini, weupe, mboni, kwamba macho yale yanamwangalia kila mtu, hata mbuzi. Alinisikiliza kwa makini kama mtoto wa shule. Mwisho akasema, "Kwa hiyo ni wewe uliyeyafumbua." Nikakubali. "Basi yafumbe. Kule alikoanguka hakukuwa na mtu wa kwetu wa kumfumba macho."

Hapo ndipo nilipojua kwamba akili yake ni timamu kuliko yangu. Aliniambia kwamba ameshajua zamani kuwa Akuete amekufa. Aliyekuwa akimhofia ni wewe. Pacha mmoja akifa, mwingine lazima afanyiwe tambiko la kimila ili watenganishwe, la sivyo aliyekwenda ataendelea kumwita aliyebaki. Sasa angekwambiaje, nawe uko mbali peke yako, huna hata shangazi wa kukunyunyizia maji?

Asubuhi yake nikayafumba. Mama alishika kopo la rangi na kuimba polepole nikipaka kope. Gunia lile halimtishi mtu tena. Limetundikwa chumbani kwake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu analala hadi kunakucha. Ameshanunua kitambaa chekundu na cheusi cha msiba. Wazee wamekubali matanga yafanyike. Unayesubiriwa ni wewe tu.

Sasa nisikilize, dada, maana haya hata mama hayajui. Sikumchora Akuete. Sura yake imenitoka. Nikijaribu kumkumbuka naona mgongo tu unaopanda lori. Ofori alitaka uso upesi, nami nikachukua picha uliyotutumia, ile umesimama mlangoni kwenye theluji, mashavu yameingia ndani. Nikaondoa nywele, nikageuza mwanga. Mama alipouliza mbona umekonda, wewe ndiye uliyekuwa ukiulizwa. Na nilipoyafumba macho yale nilijua ni ya nani. Mama alikuwa anaimba, nikakosa ujasiri wa kumkatiza.

Tangu asubuhi ile nimekupigia simu kila Jumapili katika nyumba unayokaa. Inaita tu. Nimejiambia una zamu, umehama chumba, simu yenyewe mbovu. Nimejikumbusha kwamba ni mafuta na rangi kwenye gunia la unga. Nimewaeleza watu wengi ujanja huu, na wote wamenielewa isipokuwa mimi. Ninaogopa, Akwele. Nikimkuta mama anaongea na uso ule uliolala, natoka nje nisimsikie anamwita nani.

Njoo utufungulie matanga. Kama huwezi kuja, niandikie mstari mmoja kwa mkono wako mwenyewe. Nitukane ukitaka, kata undugu kama ulivyosema, nitayapokea kwa furaha.

Mama anakusalimu sana, na Naa Dedei naye, na wote wa nyumbani wanaokutaja kila siku.

Ni mimi mdogo wako, niliyezaliwa baada yenu wawili,

Tawia