Yule Tuliyemuacha Kolwezi

Mwene-Ditu, tarehe 9 Mei 1993

Ku mutoto wangu Rachelle,

Jambo sana, mama. Habari ya siku mingi? Natumaini barua hii itakukuta na afya nzuri, weye na rafiki yangu Tata Swedi na muke wake Mama Mwamini na batoto babo bote. Sisi huku tungali bazima. Mama yako Blandine alishikwa na homa mu treni lakini imeisha. Mi niko na kikohozi tu, na kile si kitu.

Najua hautaki salamu yangu. Kama umefungua bahasha, asante.

Ile asubuhi ku gare, ku stesheni ya treni, nilikutuma kwa Swedi uchukue chumvi. Hakukuwa chumvi. Nilikuwa nimepatana naye tangu usiku ya jana yake: ukifika, bakufungie mlango mpaka treni iondoke. Ni mi peke yangu nilipanga. Mama yako hakujua kitu. Treni ilipoanza kutembea akaita jina lako, akaita tena, akataka kuruka chini, na mi nikamushika kwa nguvu. Nikamuambia, "Mutoto ana damu ya huku, habatamugusa. Kule tunaenda, nani anajua kuko nini?" Tangu siku ile hasemi na mi. Anapika, ananiwekea sahani, anageukia ukuta.

Weye mwenyewe uliona vile tulivyolala pale ku gare chini ya plastiki, mvua juu yetu, surua ikichukua batoto ya batu. Kila siku bale vijana banapita banaimba kama sisi Bakasai turudi kwetu. Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa Kolwezi. Tata yangu amezikwa Kolwezi. Lakini weye, mama aliyekuzaa alikuwa mutu wa Kisenge, mwenyeji wa kule kule, na mutaa yetu yote ya Kapata inajua. Nikasema mu moyo: huyu angalau ana mahali.

Batu balituweka mu lupango, uwanja ya kanisa moja hapa. Jioni kila mutu anasema habari ya batoto bake. Na mi nasema. Nabaambia vile ulivyoendesha kinga, baiskeli yako, kutoka Kapata mpaka ku ziwa ya Nzilo nyuma yangu, sufuria imefungwa ku porte-bagage ya nyuma, ungali mudogo, na haukuomba hata mara moja tupumzike. Nabaambia vile unavyojua uyoga ya kula na ile ya kuua kuliko bamama bakubwa. Banacheka, banasema, "Mulumba, unajivuna!" Halafu mumoja anauliza, "Na sasa huyo mutoto iko wapi?" Mi nasimama, naenda kutafuta maji.

Uandike hata mustari mumoja.

Tata yako,
Mulumba


Kapata, tarehe 20 Julai 1993

Ku Tata Mulumba,

Jambo. Niko muzima. Natumaini na nyinyi muko bazima. Unisalimie mama sana, sana.

Barua yako ililetwa na mutu wa treni. Imepita mu mikono mingi na imeloa, lakini nimeisoma yote.

Unaandika kama uliniokoa. Acha nikuambie vile nilivyookolewa. Mama Mwamini alikuwa analia na alikuwa anafunga mlango, byote pamoja. Nikamuomba kwa jina la Mungu. Akasema, "Samahani, binti yangu, tata yako ametuapisha." Niliposikia honi ya treni nikatoka ku dirisha, nikakimbia bila viatu kando ya reli mpaka kwenye daraja. Niliona vago ya mwisho ya treni. Juu ya mizigo kulikuwa mutu amekaa, akanipungia mukono. Nikafikiri ni weye. Na mi nikapunga. Treni imekwisha kupotea na mi nimesimama pale kama mujinga, napunga.

Sasa habari ya nyumba yetu. Bale vijana balikuwa bameingia, mi nikingali kwa Tata Swedi, bamekwisha kutoa milango na mabati ya jikoni. Mu mwezi wa sita akafika mutu kutoka Kisenge, jina lake Mukalay. Ni kaka mukubwa wa ule mama aliyenizaa. Kule kwabo mugodi umekufa, hana kazi. Alisikia kama niko peke yangu, akakuja, sehemu mu lori, sehemu kwa miguu. Akasimama mbele ya bale vijana, akasema, "Nyumba hii ni ya mutoto wa dada yangu. Mukitaka, munipige kwanza." Bakatoka. Tangu siku ile analala ku mlango, kwa sababu hakuna mlango.

Tata, nilitaka awe mutu mubaya. Si mubaya. Mi nikisoma masomo yangu, yeye anasonga bukari ya mahindi. Na akicheka, ni meno yangu. Sikuwa nimeona meno yangu mu kinywa ya mutu mwingine. Siku moja tulicheka bote bawili na mi nikanyamaza mbio, nikaona kama nabaibia nyinyi kitu.

Sasa anasema kwa upole: masomo yakifunguliwa, nijiandikishe kwa jina la Mukalay. Jina la Mulumba leo linaita matata, hata kwa egzetat, ule mutihani wa mwisho wa masomo, banaweza kunifukuza. Sijamujibu.

Mi nakuuliza weye. Unakumbuka ile siku tulipotoka na pirogi ku ziwa ya Nzilo, sisi batatu, na upepo ukakuja mbio, maji ikaanza kuingia? Mama alikuwa anatoa maji na sufuria ya mboga. Mi nililia. Weye ukasema, "Usiogope. Tukizama tunazama bote, tukitoka tunatoka bote." Nilikuamini. Sikulia tena, nikachukua kikombe na mi nikatoa maji.

Basi uniambie. Ile siku ku gare, ulipokuwa unapandisha batu bako mu treni, mi nilikuwa kati yabo?

Rachelle


Mwene-Ditu, tarehe 30 Septemba 1993

Ku mutoto wangu Rachelle,

Jambo, mama. Huku tunaendelea vile vile. Kikohozi imepungua. Mvua imeanza. Mama yako anakusalimia na machozi. Salamu nyingi pia ku Tata Mukalay, ijapo hatujaonana. Unisamehe kwa kukawia. Niliandika na kupasua, niliandika na kupasua.

Barua yako mama alinyang'anya mukononi mwangu, akaenda kuisoma peke yake nyuma ya kanisa. Alikawia. Kisha akakuja, akakaa mbele yangu, akafungua kinywa mara ya kwanza tangu Kolwezi. Alisema, "Jibu mutoto. Na usijitetee."

Basi. Ulikuwa kati yetu, na ulikuwa wa kwanza. Ndiyo maana nilitaka

Unaona? Naanza kujitetea. Nasema sasa kile sikusema hata ku mama yako. Ule usiku kabla ya treni kuondoka, bale batu tungepanda nabo vago moja balianza kunung'unika. Mumoja akasema, "Huyu binti ni wa kabila ya bale banatufukuza. Bakufe batoto betu, wa kwabo apate nafasi?" Mutu huyo alikuwa amezika batoto bawili pale pale. Nilipaswa kusimama na kusema, kama Tata Mukalay alivyosimama mbele ya bale vijana. Sikusimama. Niliogopa. Nikasema mu roho, ni vizuri kwake abaki, na nikafurahi kupata neno zuri la kufunika woga yangu. Ile ya ku pirogi nilisema kweli, mutoto wangu. Halafu maji ilipoingia kweli kweli, nikakutoa.

Ulivyokuja kwetu unajua, lakini acha niandike tena. Mama aliyekuzaa alikuwa jirani yetu, nyumba ya pili. Alikufa siku ile ile ya kukuzaa. Blandine akakuleta nyumbani umefungwa mu kitenge. Mi nilitoka kazi, mikono yote nyeusi ya mafuta, nikaogopa kukugusa. Yeye akasema, "Nawa, umushike." Tangu siku ile nilikwenda na weye popote. Ku muto Lualaba kuvua samaki, mu pori siku ya uyoga. Kazini balikuwa banacheka: Mulumba, mutoto mwanamuke unamupeleka mu pori ya nini? Nabajibu, kujeni siku ya Mungu, mumuone akipanda mawe ya Nzilo. Balikuja bawili. Balikuona. Kesho yake habakucheka tena. Sijui kama nilikuwa na siku nzuri kuliko ile.

Kuhusu jina: uchukue la Mukalay. Jina langu halijakupa kitu ila matata. Ufanye egzetat, uishi pale.

Na usikuje huku. Tuko batu bengi, chakula ni kidogo, kolera imepita mara mbili. Mi natengeneza kinga za batu kando ya barabara, na kuna siku hakuna hata kinga moja inayopita. Nakukataza kabisa.

Tata yako,
Mulumba


Musumba, tarehe 18 Januari 1994

Ku Tata na Mama,

Jambo sana. Natumaini hamugonjwi. Mi nilikuwa na malaria ya nguvu lakini sasa naweza kukaa na kushika kalamu. Musiogope. Niko kwa Mama Nkulu, mujane anayeuza mihogo hapa Musumba. Ananipa uji na ananitukana nisipomaliza.

Nimetoka Kolwezi, nakuja kwenu. Tata alinikataza, na mi nimesoma vizuri pale alipokataza, na nimetoka.

Tata Swedi alikuwa anakuja Kapanga, hapa karibu, na lori kutafuta mahindi. Nilimuomba. Alikataa mara nyingi, halafu akasema, "Mi nilikufungia mlango siku ile. Hii safari nitakufungulia." Mvua ilitukamata mu njia. Lori ililala mu matope, tukakata miti kuweka chini ya magurudumu, na pa mwisho nilitembea na mizigo kichwani, nikitafuta pahali maji si mengi, vile Tata alivyonifundisha ku Lualaba: unapima na fimbo kwanza, mguu baadaye. Swedi alisema, "Nani alikufundisha?" Nikasema, tata yangu. Ilitoka yenyewe. Nilikuwa bado na hasira na ilitoka yenyewe.

Sasa kile kinanisumbua kuliko malaria.

Sikumuaga Tata Mukalay. Ningemuambia, angelia, au angenizuia, au mbaya zaidi angesema, "Enda, mutoto wangu," na mi nisingeweza. Siku ya Mungu nikamuambia kichwa kinaniuma, aende ku misa peke yake. Akaniwekea chai ya sukari, akaifunika na sahani. Sukari kule sasa, munajua ni vile gani. Aliposhika njia nilikunywa ile chai yote. Nikaosha kikombe. Nikatoka.

Mu lori nilianza kulia na Swedi akafikiri naogopa. Akasema, "Turudi?" Nikasema, "Endesha."

Na nilikuwa na neno nzuri la kufunika. Nilisema: ni kwa ajili yake, asipate shida ya kunilinda. Ndiyo Tata, neno kama lile lako. Kila usiku namuona anarudi kutoka kanisa, anaita, anatazama chumba. Pengine alikimbia mpaka ku barabara. Pengine alimupungia mutu mukono.

Siandiki kama nimekusamehe. Sijui bado. Lakini kile kilikuwa mu tumbo yako mu ile treni, sasa na mi niko nacho, na sikufikiri ni kizito hivi.

Jina sikubadilisha. Kama Mwene-Ditu kuko masomo, nitafanya egzetat huko. Kama hakuna, nitangoja.

Hapa banafika batu ya kinga kutoka kwenu, banakuja kununua mahindi. Mumoja, Kabongo, anasema unamutengenezea kinga yake, Tata. Ndiye anabeba barua hii. Nikipata nguvu nitatoka na kundi lingine. Siombi ruhusa. Naomba kitu kimoja tu: kama hakuna nafasi, uniambie weye mwenyewe, kwa maneno. Usimutume mutu anifungie mlango.

Mutoto wenu,
Rachelle


Njiani, karibu na Wikong, tarehe 2 Februari 1994

Rachelle, mama, mutoto wangu,

Jambo. Sisi bazima, miguu tu inauma. Weye je? Homa imetoka? Unakula? Umutii Mama Nkulu kwa mambo ya uji.

Kabongo alinikuta kando ya barabara, mikono mu mnyororo ya kinga. Nilisoma nimesimama. Mama yako alisoma juu ya bega yangu, na mbele sijafika mwisho alikuwa amekwisha kwenda kufunga mizigo.

Nafasi iko. Nakuambia mi mwenyewe, kwa maneno. Iko hata kama ni nafasi ya kulala juu ya mukeka mumoja batatu. Na mwingine akinung'unika, hii mara nitasimama.

Tunakuja. Tumetoka siku ya posho, Jumamosi iliyopita, kwa miguu, nyuma ya batu ya kinga. Mumoja wabo anatangulia na karatasi hii. Nilitaka kuandika "usitoke Musumba", nikaifuta, utaona pale palipochafuka. Ukiwa na nguvu na unataka kutoka, toka. Njia ni moja. Tutakutana ndani yake.

Kuhusu Tata Mukalay: nimeanza kumuandikia mu kichwa nikitembea. Nasema, Ndugu yangu Mukalay, sisi bawili tuna mutoto mumoja. Alikuacha vile mi nilivyomuacha, na ile njia ya kuacha mutu alijifunza kwangu, si kwa mutu mwingine. Pale nakwama. Sijui ni nini mutu anaweka nyuma ya hapo. Tukikutana tutakaa sisi batatu, weye utaandika ya kwako na mi ya kwangu, na hatutapasua. Tutamupelekea byote bibili, hata kama ni bibaya.

Kuna mengine lakini mama yako amekwisha kuvuka muto, na mzigo kichwani, na haangalii nyuma. Sasa hivi ameniita kutoka ng'ambo: "Mulumba! Utamuambia ukifika!"

Nakwenda.

Tata yako