Nyumba Niliyoijenga Bila Pombe

Makanyagio, Jumanne, Oktoba 1976

Joto la leo ni lile linalotangulia mvua. Kusini limejikusanya wingu jeusi, na mimi nina kuta nne zisizo na paa.

Nimezijenga mwenyewe kwa matofali mabichi, nisilipe fundi. Pimamaji yangu ilikuwa chupa ya maji. Zimesimama, ila kila ukuta una msimamo wake. Mvua moja kubwa ikizikuta wazi, zitarudi kuwa udongo.

Mke wangu, Anastazia, ana mimba ya miezi minane. Chumba tulichopanga, mwenye nyumba anakitaka mwisho wa mwezi.

Nyasi ninazo, fito ninazo. Watu sina.

Hapa kwetu kuezeka ni kazi ya siku moja: unapika pombe, majirani wanakuja, jioni mnakunywa chini ya paa jipya. Mimi nikaona pombe ni hasara. Siku ya tisa leo naezeka peke yangu, na nilichofunika kinamtosha kuku mmoja, tena akijikunyata.

Ngoja niseme ukweli, daftari halina mdomo. Mwaka jana walipomwezekea jirani yetu Lukasi, nilituma salamu kwamba nina homa. Jioni pombe ilipoanza kumiminwa, homa ikashuka. Nilimaliza vibuyu viwili.

Asubuhi nimemeza aibu, nikaenda kumwomba Lukasi aniitie wenzake. Alikuwa ananoa jembe, hata uso hakuinua.

"Ndugu yangu, mtaa mzima tuna homa," akasema. "Labda siku ukipika tutapata nafuu."

Mkewe alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Homa hiyo niliileta mimi.

Nikarudi, nikamweleza Anastazia. Nilitegemea anigombeze, ingekuwa afadhali. Akainuka, mkono kiunoni, akatoa ulezi aliouweka kwa ajili ya uji wake wa uzazi, akaumimina kwenye maji uanze kuwa kimea.

Wote.

Mpaka uchipue, ukauke, usagwe, pombe iive, si chini ya siku kumi. Nimetoka nje kulitazama wingu. Limesogea.

Maisha yangu yote sijawahi kufika mapema kwenye kazi ya mtu. Sasa kwa uso gani naiomba mvua ichelewe?