Sura ya Kumi na Moja

Adu, Magarini
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Kaka Mwaro,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya hapo Kibarani, wewe, shemeji Priscilla na watoto. Mgongo unaendeleaje? Masha alipopeleka mananasi Kilifi mwezi uliopita alituambia amekuona ukibeba mawe ya ujenzi, na mama akanuna siku nzima, kwa kuwa hajasahau ulivyoanguka mnazini. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mtu wa Adu anavyoweza kuwa hajambo mwaka huu.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Nimempa Masha akukabidhi mkononi, na nimemwomba asiondoke mpaka aone umefungua. Ukitaka kuichana, ichane, ila uisome kwanza yote.

Mvua ilikuja siku nne ikatuaga. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo hapo, na sasa tunawakatia mbuzi. Kaburi la baba lilikuwa limeanza kudidimia upande mmoja, nikaongeza udongo. Mama anavimba miguu lakini ulimi wake haujapata ugonjwa. Juzi alimfukuza dalali wa mashamba kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua. Kila Masha akirudi kutoka Kilifi, mama humwuliza watu wa Kibarani wanaendeleaje. Jina lako halitaji, lakini jibu hulisubiri amesimama.

Habari iliyotushika huku mwaka mzima ni filamu ya *Walinzi wa Chumvi*. Nakuuliza kama unakikumbuka kile kitabu, nami najua ni swali la kipumbavu. Wewe ndiye uliyekileta kutoka maktaba ya shule, na wewe ndiye uliyesahau kukirudisha kwa miaka kumi na minane. Tulikisoma mpaka jalada likatoka, mama akalishona kwa uzi wa gunia. Wewe ulikuwa Bwana Nyungu, mfalme mchawi, na mimi nikawa yule msichana Sidi, kwa sababu nilikuwa mdogo na mdogo hachagui. Sura ya kumi na moja tuliijua kwa moyo: Sidi amejificha katikati ya vigango, zile nguzo za kuchongwa zinazosimikiwa wazee wa mji waliokufa, jeshi la Nyungu linakuja na mienge, na kila kigango kinachoshika moto kinatamka jina la mzee wake. Ulikuwa ukiisoma sura ile, baba anaacha mpini wa jembe anaouchonga na kujifanya anafikiria jambo jingine. Siku moja alisema huyo mwandishi lazima alikaa na wazee wa Kigiriama, maana anajua kwamba kigango si mti, ni mtu.

Basi ilipotangazwa kwamba kitabu kitatiwa kwenye filamu, watu walirukwa na akili. Tuna kundi la WhatsApp, Watoto wa Chumvi, lenye watu kutoka Lamu hadi Taveta, na humo tumegombana wiki mbili juu ya kovu la Sidi, kama liko mkono wa kulia au wa kushoto. Ni wa kushoto, sura ya pili, na niliwaambia. Wananiita Mufti kwa sababu sikubali kosa lipite. Mwalimu Everlyne wa shule ya msingi aliwaandikia watoto ubaoni siku zilizobaki, akifuta na kuandika kila asubuhi. Kionjo kilipotoka mwezi wa tano, nusu ya kijiji ilikitazama kwenye simu yangu mpaka ikazima. Watu walingojea filamu ile kama wanavyongojea arusi. Mimi niliingojea pia, pengine kuliko wote, lakini sikuingojea kwa furaha.

Unakumbuka wale watu wa filamu walikuja mwaka 2023 wakapiga kambi karibu na mashamba ya chumvi, huko upande wa Gongoni. Mimi nilikwenda siku ya kwanza kuomba nafasi, wakaniweka kwenye jeshi la Nyungu, katika wale watu mia wa kukimbia na kupiga kelele. Wewe ulinicheka ukasema nimesoma kitabu miaka yote ili niwe adui. Ulikuwa bado unacheka wakati ule.

Ni mwaka huo huo, wiki ile ile, kigango cha babu kilipotoweka kule kwenye boma la zamani. Sihitaji kukukumbusha, lakini acha niandike, maana nimelikwepa mno jambo hili. Baba alikwenda kukifunga kitambaa kipya akakuta shimo. Kigango hakihamishwi, hata sisi tulipohama boma lile tulikiacha pale, kwa kuwa aliyesimikwa amesimikwa. Kila mtu alijua kwamba kuna madalali Malindi wanaovinunua na kuvipeleka nje, na kila mtu alijua kwamba miezi mitatu kabla ulikuwa umeuza beberu la baba ukanywa. Hawakutafuta mbali. Jogoo akipotea, mwenye manyoya mguuni ndiye mla kuku, na wewe manyoya ya beberu yalikuwa hayajakutoka.

Ulikana mbele ya wazee. Ulisema wewe ndiwe uliyepokea jina la babu, na mtu hawezi kujiuza mwenyewe. Kisha ukaomba kula kiraho, kile kiapo chetu kisichomwacha mwongo, wazee wakulishe hadharani Mungu na koma, mizimu ya wazee, waamue. Mzee Kitsao, mkuu wa wazee wa ukoo, alikuwa tayari kukulisha. Ni mimi niliyemvuta baba kando nikamwambia kiraho kitaiaibisha nyumba yetu, na kwamba ukidhurika mama hatapona. Baba akakubali, kiraho hakikuliwa. Jioni ile ulinikuta zizini ukanishika bega ukanishukuru kwa kukutetea. Ulisema, "Sanga, angalau wewe." Maneno hayo matatu nimeishi nayo miaka miwili, na sijapata siku moja yaliyonyamaza.

Baba aliyasema yake asubuhi iliyofuata, mbele ya mlango, watu wote wakisikia: "Aliyemuuza baba yangu hana baba." Ukafunga nguo zako ukaenda na Priscilla.

Tangu hapo baba hakuwa baba tuliyemjua. Alimwota babu amesimama upepo­ni hana nguo, akilalamika baridi. Ndoto ilirudi na kurudi. Madaktari walisema ni moyo, na yeye alisema ni kweli ni moyo. Siku tatu kabla hajafa aliniita kitandani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru Mungu kwamba mtoto mmoja alibaki. Nilimwitikia amina. Siku ya mazishi nilikuona umesimama kule barabarani na shati jeupe, nikawaona wazee wa ukoo wakikurudisha. Nilikuwa na koleo mkononi, nikaendelea kufukia.

Sasa nije Jumamosi. Filamu ilionyeshwa Malindi katika ukumbi uliokodiwa, kwa pazia jeupe refu kuliko nyumba yetu. Tulikwenda watu thelathini na kitu wa Adu. Mwalimu Everlyne alivaa joho la Sidi alilolishona mwenyewe. Mama pia alikwenda, miguu ile ile, kwa sababu nilimsihi. Mzee Kitsao alikwenda, kwa sababu nilimsihi yeye zaidi. Nikawakalisha mbele ili waone vizuri, nami nikakaa nyuma yao nikisubiri sura ya kumi na moja.

Haikuja. Sidi alivuka mto, hiyo ni sura ya kumi, mara akawa yuko kwenye lango la mji, hiyo ni ya kumi na mbili. Watu walishangilia. Mufti pekee ndiye aliyeshtuka kwamba kuna sura imerukwa. Nilisimama nikaketi, mtu wa nyuma akanifokea kwamba namzibia. Mwisho nikamtafuta Tasneem, dada wa Malindi aliyekuwa mkuu wa vifaa vya mandhari, nikamwuliza vigango viko wapi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba filamu ilikuwa ndefu mno, na sura ile waliitoa yote mwaka jana.

Kaka, kigango cha babu nilikitoa mimi.

Wale watu walikuwa wametengeneza vigango vyao vya mbao laini, vimepakwa rangi, na vilikuwa vibaya. Vichwa vilikuwa vikubwa kama maboga, na zile pembetatu zilichongwa ovyo. Sikuweza kuvumilia. Sura nzuri kuliko zote katika kitabu chetu ilikuwa inakwenda kuharibiwa na mbao za maboksi. Nikamwambia Tasneem hivi sivyo, na aliponiuliza vya kweli vikoje, nikasema nitamletea kimoja akitazame, akiweke mstari wa nyuma, na kitarudi baada ya siku mbili. Aliniuliza kama familia imeridhia. Nikasema imeridhia. Alitaka kulipa nikakataa, maana nilijiambia kwamba mtu asiyechukua pesa hakuuza. Tulikwenda mchana na gari lao, ninyi wote mkiwa shambani, nikakichimba kwa mikono yangu.

Siku ya moto, mimi nilikuwa na mwenge mstari wa mbele. Mkurugenzi alituonya kwamba vile vya bandia vitaungua mara moja tu, hakuna kurudia, na atakayesimama au kutoka nje ya nafasi yake atakuwa ameiua sura nzima. Cha babu kilikuwa nyuma, hakikupangiwa kuguswa. Kamera zikaanza, tukakimbia, upepo ukageuka. Nilikiona kinashika moto kwenye kitambaa, kile cha mwisho ambacho baba alikifunga. Nilikuwa hatua tano tu. Ningepiga ukelele mmoja wa kweli, wangezima. Maji na watu walikuwa tayari. Lakini nilikuwa ndani ya sura ya kumi na moja, kaka. Niliyoisoma nawe miaka yote ilikuwa mbele yangu, inakwenda kama ilivyoandikwa, na sikutaka kuiharibu. Nikaendelea kukimbia na kupiga kelele za jeshi la Nyungu mpaka waliposema basi.

Tasneem alilia alipokuta majivu. Mimi nikamwambia asijali, tunavyo vingine.

Miaka hii miwili nilikuwa nimejipangia kwamba filamu itasema badala yangu. Mama angekitambua kile kigango kwa ule ufa wa shavuni, Mzee Kitsao angenigeukia palepale ukumbini, na mimi nisingehitaji kufungua mdomo. Ndiyo maana niliwasihi waje. Nilihesabu siku kwenye ubao wa Mwalimu Everlyne pamoja na watoto. Kumbe babu aliunguzwa kwa kitu ambacho hakuna mtu atakayekiona, na sasa ushahidi uliobaki duniani ni mimi, na mimi unanijua.

Sikuombi msamaha. Aliyeyatamka yale maneno mlangoni ndiye tu angeyaondoa, na nimemwongezea udongo juu. Nimemwuliza Mzee Kitsao, kwa kuzungukazunguka, kama kigango kingine kinaweza kuchongwa. Amesema kwanza aliyekitoa aseme mbele ya ukoo alipokipeleka. Nilimwitikia kwa kichwa nikaaga. Nimefika kwake mara mbili tangu Jumamosi na mara zote mbili tumezungumza habari za mbuzi. Barua hii ni yako, ukitaka kuja nayo kwa wazee, njoo nayo. Mwandiko wangu wanaujua. Lakini nakujua pia. Najua utamtazama mama na miguu yake, akiwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kumchotea maji, na utaikunja uiweke. Nadhani nimekuandikia nikilijua hilo, na huo ndio ubaya wangu uliokomaa.

Tena kuna jambo moja ambalo nalionea aibu kuliko yote, nalo naliandika ili usinifikirie bora kuliko nilivyo. Filamu ilikuwa nzuri. Sidi alipofika langoni na kovu lake mkono wa kushoto, nililia kwa furaha, na kwa muda ule wote sikukukumbuka wewe wala baba.

Nisikuchoshe. Nisalimie Priscilla, mwambie sufuria yake kubwa ipo, hakuna aliyeichukua. Wabusu watoto. Mwalimu Everlyne anakusalimu, na Masha atakusalimu mwenyewe.

Mama naye yuko hapa karibu yangu anapepeta, anadhani nakusimulia filamu. Ameniambia nisifunge barua kabla sijaandika neno lake, na ameniambia nilisome kwa sauti nikishaliandika. Anasema kwamba amezeeka, kwamba mwizi naye ni mtoto, na kwamba kwa upande wake amekusamehe kile kigango. Nimemsomea. Amesema nimeandika vizuri.

Mimi mdogo wako,
Sanga Lewa