Mashimo Sitini na Manne

4 Februari

Kwa mwanangu mhandisi,

Salamu. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ukiondoa mama yako, ambaye figo zake unazijua, na barabara, ambayo inajulikana na kila mtu isipokuwa ofisi yenu.

Naandika kwa sababu nikikupigia simu unasema uko kikaoni. Barua haiko kikaoni. Barabara hii niliijenga mimi, nyapara, pamoja na watu kumi na wanane na mtambo mmoja wa kushindilia uliokuwa ukizimika kila siku saa sita mchana. Miaka thelathini na minne imebeba malori. Nyinyi mna shahada, mna kompyuta, mna magari yenye viyoyozi, na hamjawahi kuja kuziba hata shimo la kuku kuogea vumbi. Debe tupu!

Mama yako anakwenda hospitali kusafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Madereva wa teksi wameikimbia barabara mmoja mmoja. Amebaki yule tunayemwita Breki, na juzi alivunja springi mbele ya duka la mshonaji. Daktari amesema mama yako asikose kusafishwa hata mara moja. Naye hataki kuhama. Anasema amezaa humu na atazeekea humu. Sema basi, mnatengeneza lini?

Ni mimi baba yako

15 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii imekukuta salama. Sisi hatujambo. Mpe Mama shikamoo yangu.

Barabara haijengwi kwa kelele, Baba. Siku hizi kuna mpango na kuna bajeti. Fedha za mwaka huu zinatosha barabara moja tu kati ya saba, nayo huchaguliwa baada ya ukaguzi. Wakaguzi watafika kwenu tarehe 4 Machi. Namna wanavyopima ni mambo ya kitaalamu, nikikueleza nitakuchosha bure. Wewe kaa utulie, waachie wenye kazi. Zama za nyapara na filimbi zimepita.

Mwanao

9 Machi

Kwa mtaalamu wetu,

Hujambo? Wajukuu zangu wanakula vizuri? Mama yako yuko vilevile.

Wewe ulinipa tarehe, mengine ukayaficha, nikajua la kufanya. Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba ambayo haijafagiliwa, na mimi siwezi kuwaonyesha vijana wa ofisini kwako kazi yangu ikiwa imetoboka kama chujio. Nikapiga filimbi, ndiyo, ileile unayoicheka. Wakatoka fundi baiskeli, mshonaji, walimu wawili na wanawake wote wa saluni. Siku nne! Mashimo sitini na manne, tumeyahesabu. Tumejaza kifusi na kokoto, tumeshindilia kwa magogo, tumezibua mitaro, mwisho tumeifagia barabara nzima kutoka hapa hadi barabara kuu.

Wakaguzi wako wakaja watatu ndani ya gari moja. Hawakuteremka. Mmoja anabonyeza kishikwambi, mwingine anatafuna karanga. Nilipowasimamisha kwenye kona, yule wa karanga alishusha kioo kidogo, akasema, "Mzee, barabara yenu nzuri, hongereni." Hao ndio wasomi. Nikamwambia akusalimie. Sasa nasubiri greda.

Ni mimi baba yako

30 Machi

Shikamoo Baba,

Leo sina nguvu ya kuuliza hali.

Fedha zimekwenda barabara ya machinjioni. Wakaguzi wanahesabu mashimo, Baba. Barabara yenye mashimo mengi kuliko zote ndiyo inayojengwa. Yenu imepata sifuri, na kwenye fomu wameandika "inaridhisha". Nimesomewa neno hilo mbele ya kikao kizima, na wote wanajua natoka wapi. Niliposema si kweli, mkuu wangu aliniuliza kama nataka kuwapendelea wa nyumbani. Ukaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Kwetu mzee ameliharibu kwa ufagio. Mlete Mama kwangu.

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilianza barua tatu nikazichana, na hilo halijawahi kunipata.

Ungeandika neno moja tu kwamba wanahesabu mashimo, ningewachimbia mengine. Lakini elimu yako unaifungia kabatini, unaogopa baba yako asiichafue.

Mvua imenyesha wiki mbili. Kifusi chote kimekwenda mtaroni, na mashimo yamerudi na ndugu zao. Breki naye amekataa kabisa. Ijumaa mama yako alikosa kusafishwa. Jumanne miguu imevimba, pumzi inakatika, nikampakia kwenye toroli la zege, mimi na fundi baiskeli tukalisukuma mpaka barabara kuu. Saa nzima na nusu. Kila shimo anafumba macho na kuuma kanga. Bora angenitukana. Wamemlaza. Waambie wataalamu wako waje wapime sasa.

Ni mimi baba yako

3 Mei

Mume wangu, na wewe mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo kidogo. Nimetoka wodini. Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mmoja apate yake, maana najua hamtasomeana.

Siendi kwa mwanangu, na nyumbani sirudi. Nimepanga chumba mkabala na hospitali; nikivuka barabara nimefika. Kitanda ni kimoja, dirisha linatazama ukuta, na jirani anafungua redio tangu alfajiri. Nimeililia nyumba yangu siku mbili. Sasa nimemaliza.

Mume wangu, siku uliyopiga filimbi nilikuambia umuulize mtoto kwanza kabla hamjashika sepetu. Ulinijibu, "Mambo ya barabara huyajui." Nikampigia mtoto simu mimi mwenyewe, nikamwambia, "Baba yako anaziba mashimo, je, ni sawa?" Nawe mwanangu ukacheka, ukasema, "Mama, mambo ya barabara huyajui. Mwache mzee acheze na udongo. Wakaguzi wangu hawadanganyiki kwa kifusi." Maneno yaleyale, hata kicheko ni kilekile. Nimeishi na watu wawili wanaojua kila kitu kuhusu barabara, na aliyepakiwa kwenye toroli ni mimi.

Karibuni mnitembelee. Baba aje Jumatano, mtoto aje Jumapili, msije pamoja, chumba hiki ni kidogo na mimi nimechoka. Na mkifika, msinizungumzie barabara. Mambo hayo siyajui.

Mke, na mama