Ufa Usio na Kivuli

3 Machi
Dada, shikamoo. Natumaini hamjambo, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mzima, ila mgongo unanidai. Nina swali la kazi yako ya picha. Jirani yangu wa kitanda hapa kambi ya wafanyakazi ana kamera ya kupigia vitu vidogo, na flashi mbili: ya duara, inayovaliwa mdomoni mwa lenzi, na nyingine ya kushika mkononi. Kitu chenyewe ni kidogo, cha chuma. Nichague ipi?
Mdogo wako

4 Machi
Marahaba. Mama hajambo, anakula. Chuma gani hicho, au kuna mtu unamtafutia pete? Tumia ya duara. Mwanga unaingia pande zote, hakuna kivuli, kila kitu kinatoka laini.
Dada yako

15 Machi
Shikamoo dada. Nilikuficha ili mama asikeshe. Ni ndoano ya winchi inayonyanyua vyuma juu ya vichwa vyetu. Ina ufa mwembamba kama unywele, nimeupapasa kwa ukucha. Msimamizi akasema, "Huo mkwaruzo. Niletee picha, si hadithi." Nikampelekea. Ndoano imetoka laini kama yai. Ameibandika mlangoni, chini yake kaandika: nzima, kazi iendelee. Wenzangu wananiita Bwana Picha za Harusi. Lakini anayefunga mizigo pale chini ni mimi, na nikigoma nafukuzwa.
Mdogo wako

16 Machi
Salamu baadaye. Achana na ya duara. Ufa unaonekana kwa kivuli chake, na ile inakifuta. Shika flashi ya mkono pembeni, chini kabisa, karibu ilale juu ya chuma, mwanga uupige ufa ubavuni. Ifunike kwa karatasi nyeupe nyembamba, chuma kisimeremete. Ungeniambia tangu mwanzo. Mama nitamweleza mimi.
Dada yako

21 Machi, alfajiri
Shikamoo dada. Jana ndipo winchi ilipumzika. Umeonekana! Picha hiyo, itazame. Msimamizi anafika saa tatu, sisi tunaanza saa moja. Nitasimama pembeni kadiri nitakavyoweza.
Mdogo wako

21 Machi
Nimeikuza. Ufa hauishii pale ulipopapasa. Umezunguka shingo ya ndoano, karibu ukutane. Hata pembeni usisimame. Toka. Mama anasema rudi hivyo hivyo, mikono mitupu.
Dada yako

22 Machi
Mdogo wangu, ujumbe wa jana bado hujaufungua. Mama amekaa na simu mapajani. Andika neno moja, hata la kututukana.
Dada yako