Kurasa za Mwisho za Injili ya Baba

Jumapili jioni, Same. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi za kafe hii ya intaneti. Nimeshuka kutoka kijijini Mamba, huko milimani, mchana na sina raha hata kidogo.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma humu jinsi Wakristo wa kwanza walivyotengeneza vitabu vyao. Kumbe walipenda karatasi za mafunjo zilizokunjwa na kushonwa, kuliko gombo la kuviringisha. Wino ulikuwa masizi na gundi. Wengine waligeuza nyaraka zilizokwisha kazi, wakaandika nyuma yake. Kisha mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, maana wengi hawakujua kusoma.

Nilisoma hayo nikamwona baba.

Baba alikuwa mwinjilisti Mamba. Miaka ile ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, daftari ungelitoa wapi? Baba mdogo, karani kwenye shamba la mkonge, alimpelekea fomu zilizoharibika, naye akaandika nyuma yake Injili nzima, ile fupi kuliko zote, kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, akitafsiri mwenyewe. Akazikunja na kuzishona kwa uzi wa katani. Jina la Mungu alilifupisha kwa herufi mbili na mstari juu, kuokoa wino. Wale wa kale nao walifupisha majina matakatifu hivyo hivyo, ingawa wao inadhaniwa ni kwa heshima.

Sasa niseme linalonichoma.

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, maduka yalijaa na shamba likauzwa. Mimi nililelewa kule kwa baba mdogo na nikaajiriwa palepale. Nikapunguzwa kazi. Nikarudi kwa baba, nikawa nashuka Same kuuza karanga kituo cha mabasi. Siku moja nikakuta sandukuni fomu za shamba lile, na nembo yao juu. Nilichukia hata kuziona. Nikazichana vipande vya kufungia karanga, bila kugeuza upande wa pili.

Mama mmoja kituoni alikunjua karatasi yake, akaisoma, akacheka: "We kijana, siku hizi Injili nayo ni ya kufungia karanga?"

Zilikuwa kurasa za mwisho. Uzi wake ulikuwa umekatika, zikachomoka kitabuni. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoandika hapa.

Mwaka jana baba alipatwa na kiharusi. Haoni tena, na Kiswahili chote kimemtoka, amebaki na Chasu. Chasu yangu mimi ni ya kuombea maji, kwa sababu kwenye mkonge kulikuwa na watu wa kila kabila na sote tuliongea Kiswahili. Lakini maandishi yake naweza kuyasoma. Aliomba nimsomee kitabu chake, na kila Jumapili nimepanda kumsomea. Namwamkia shikamoo, ananishika mkono, naanza. Hurekebisha matamshi yangu kwa kidole, akigonga godoro.

Leo tumefika pale walipoziba kaburi kwa jiwe. Kitabu kinaishia hapo.

Nilidhani nimejiandaa. Nimesoma kwamba nakala kongwe za Injili hiyo nazo zinakatikia kaburini, wanawake wakikimbia kwa hofu, na baadaye watu wakaongezea mwisho. Nikasema hata mimi nitaongezea. Nikatafuta neno la Chasu la kufufuka.

Sikulipata.

Ningeweza kumwita jirani anayempikia, maana Chasu ndiyo lugha yake. Lakini ningelazimika kueleza kurasa zimekwenda wapi. Mtu mzima mimi, nimeona aibu.

Baba aligonga godoro. Akauliza kwa Chasu, na hilo hata mimi nilielewa: "Halafu?"

Nikafunga kitabu.

Uso wake ulibaki umeelekea kwangu. Mtu huyu alihubiri ufufuo kwenye mazishi ya kila nyumba kijijini. Nilimwangalia nikiomba aukumbuke mwenyewe. Akatikisa kichwa, akasema polepole: "Kumbe walimzika tu." Akageukia ukutani.

Nikaaga, nikashuka.

Kesho nitamuuliza neno hilo yeyote nitakayekutana naye. Sijui kama litamwahi baba.