Udongo wa Mara ya Pili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimeshindwa kuanza barua bila kukuamkia. Nina la kuungama: nimeyasahau mazishi yako. Ninayoyakumbuka ni yale ya kwenye kanda ya video tu.

Unakumbuka soko huria lilivyofika Ihanja? Lilikuja na sabuni za rangi rangi, mitumba, na kibanda cha video kando ya barabara kuu, jenereta ikinguruma nyuma yake. Ulinipeleka kuangalia sinema ya mapigano. Jumamosi iliyofuata tukarudi, ukamwona yule jamaa aliyeuawa wiki iliyopita anakula na kucheka katika sinema nyingine. Ulisimama katikati ya watu.

"Huyu si tulimwacha amekufa?" ulisema. "Nani kamruhusu kurudi?"

Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilijifanya sikujui. Njiani ulininunulia karanga, na mpaka leo kule kukukana kunaniuma.

Ulipofariki, kaka Elia alikuwa masomoni India. Alipiga simu parokiani akaomba kila kitu kirekodiwe, maana asingewahi. Baba mdogo akamleta mpiga video kutoka Singida mjini, bwana mmoja mpole, akaturekodi tangu jeneza linatoka nyumbani. Tulipofika kaburini betri ikaisha. Yeye akihangaika na begi lake, sisi tuliendelea: padri alisali, tukatupa udongo. Betri nyingine ilipokubali, alimnong'oneza baba mdogo, naye akatugeukia.

"Rudieni kutupa udongo, wanangu. Elia naye amzike baba yake."

Nani angekataa? Tulipanga mstari upya. Mara ya kwanza sikuwa nimetoa hata chozi. Mara ya pili niliona kamera imenielekea, nikaogopa Elia ataniona mkavu. Nikapiga yowe, nikaanguka, shangazi akanidaka. Kilikuwa kilio cha kweli au cha kamera? Sijui, baba. Nimejiuliza miaka yote hii na bado sijui.

Elia aliporudi aliitazama kanda ile mpaka picha zikaanza kuchezacheza. Akifika pale ninapoanguka alinishika bega, akasema mimi ndiye niliyekupenda kuliko wote. Sifa ile nikaipokea. Kila Krismasi tuliitazama. Wajukuu wako hawakukuona hai hata siku moja, lakini wanajua ni wakati gani mama yao ataanguka.

Nilipokwenda chuo kikuu, mhadhiri alitufundisha kitu kinachoitwa usasaleo. Alisema ni hali ya watu kuacha kuamini hadithi moja kubwa inayowaongoza wote, kama ile ya kijiji cha ujamaa uliyoiamini wewe mpaka mwisho. Akasema pia kwamba nakala inachukua nafasi ya kitu chenyewe, hata watu wasijue kipi kilitangulia. Wenzangu walitoa mifano huku wakicheka: bibi harusi anayetolewa ukumbini aingie tena kwa sababu kamera haikuwa tayari, mtu anayepigwa picha mbele ya ghorofa lililochorwa kwenye pazia la studio. Mimi niliinamia daftari. Wao walikuwa wanajifunza neno geni. Kitu chenyewe nilikuwa nacho nyumbani, kabatini, kimefungwa kwa kitambaa.

Mwezi uliopita Elia alinitembelea hapa kwangu Unyambwa. Nikamweleza yote: betri, mstari wa pili, yowe langu. Nilidhani atakasirika. Badala yake aliniuliza kwa upole.

"Sasa ile mara ya kwanza ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo nimsimulie, sikuwa na kitu. Najua tu kwamba kabla sijaachia udongo ule wa kwanza nilikuinamia, nikakuambia neno kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, la mimi na wewe. Tangu Elia aniulize, nalitafuta silipati. Nikifumba macho najiona ninaanguka, shangazi ananidaka, basi. Nimelia sana, baba, na safari hii hapakuwa na wa kunitazama.

Neno lile hakuna mwingine aliyelisikia. Kama lilikufikia, nitunzie.

Pumzika, baba.

Kitinda mimba wako